UZI: Kuvuta vumbi la mbao katika karakana ya nyumbani – feni, mabomba, saikloni na mahali pa kuitolea hewa

Mwanzisha uzi

Ndugu wadau wa useremala, humu ndani tumejadili sana misumeno, gundi na vanishi, lakini vumbi tumeligusa kwa juu juu tu, kana kwamba ni sehemu ya kazi isiyo na dawa. Naomba nilieleze suala hili kwa urefu, kwa kuwa naamini fundi anayefanyia kazi nyumbani, hatua chache kutoka dirisha la chumba wanamolala watoto, ana sababu kubwa zaidi ya kulishughulikia kuliko hata mwenye kiwanda.

Karakana ninayoizungumzia ni ile ya mtu mmoja au wawili: chumba cha tofali cha mita nne kwa sita nyuma ya nyumba, umeme wa fezi moja, msumeno wa meza, randa ya mashine, ruta (mashine ya kuchonga kingo na mifereji) na mashine ya msasa ya mkononi. Mfano wangu ni Dar es Salaam, na mengi yatafaa kwa mwambao wote kuanzia Mtwara hadi Mombasa. Hoja yangu kuu ni hii: maelekezo mengi tunayoyasoma yametungwa na watu wa nchi za baridi, ambao hulazimika kuichuja hewa na kuirudisha ndani ili wasipoteze joto walilolilipia. Sisi hatuna joto la kulinda. Hewa yetu iliyovutwa itolewe nje, na fedha ambazo zingenunua kichujio cha gharama ziende kwenye feni yenye nguvu na mabomba mapana.

Kwanza niseme kwa nini jambo hili lina uzito. Mwaka 1995 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, ambalo ni chombo cha Shirika la Afya Duniani chenye makao yake Lyon, Ufaransa, liliorodhesha vumbi la mbao katika kundi la kwanza, yaani miongoni mwa vitu ambavyo imethibitika kuwa husababisha saratani kwa binadamu. Dalili zake zilionekana kwa uwazi katika miaka ya 1960 kwenye eneo la High Wycombe, Uingereza, mji uliojulikana kwa utengenezaji wa viti, ambako daktari wa pua na koo Esme Hadfield alibaini kwamba aina ya saratani ya pua iliyo nadra sana kwa watu wengine ilikuwa ikijitokeza kwa mafundi wa samani. Yeye na wenzake walichapisha matokeo hayo mwaka 1968. Ugonjwa huo huchukua miongo kadhaa kujitokeza, na ndiyo maana fundi mwenye umri wa miaka 30 hauoni kwa wenzake wa rika lake na kudhani kwamba haupo.

Kabla ya saratani kuna pumu, mafua yasiyokwisha na upele. Vumbi la mvule linafahamika kwa kuwasha ngozi na kuamsha pumu, la mpingo huwasumbua wachongaji wengi ngozini, na mninga, ambao sote tunaupenda kwa rangi na utulivu wake, nao huwawasha baadhi ya mafundi pua na kuwabana kifua. MDF, yaani ubao wa kiwandani wa nyuzi za mbao zilizogandamizwa kwa gundi, inaongeza tatizo la pili, kwa sababu gundi hiyo huwa na fomaldehaidi, ambayo shirika hilohilo liliiweka katika kundi la kwanza mwaka 2004.

Uingereza tangu mwaka 2020 imeweka kikomo cha miligramu 3 za vumbi la mbao ngumu kwa kila mita ya ujazo ya hewa, na Umoja wa Ulaya tangu mwaka 2023 umeshusha hadi miligramu 2. Tuhesabu maana yake. Chumba cha mita nne kwa sita chenye kimo cha mita tatu kina mita za ujazo 72, kwa hiyo kikomo cha Ulaya kinafikiwa pale ambapo chumba kizima kina miligramu 144 tu za vumbi linaloelea, yaani chini ya robo ya gramu. Mashine ya msasa isiyo na mfuko hutoa kiasi hicho kabla hujamaliza kulainisha ubao mmoja wa meza. Zaidi ya hapo, vumbi linaloumiza mapafu ni lile ambalo punje yake haizidi mikromita 10, wakati unywele wa binadamu una unene wa takriban mikromita 70. Hulioni kwa mwanga wa kawaida, na huendelea kuelea kwa saa nyingi baada ya kuzima mashine. Maranda unayoyafagia si adui. Adui ni kile ambacho ufagio unakirusha upya hewani.

Sasa tuingie kwenye vifaa. Kuna mashine mbili ambazo watu huzichanganya. Ya kwanza ni ile ya kufyonza vumbi yenye mpira mwembamba, ambayo huvuta kwa shinikizo kubwa lakini hewa kidogo. Inafaa kwa mashine ya msasa, ruta na zana nyingine za mkononi ambazo tundu lake ni dogo na liko karibu kabisa na mahali vumbi linapozaliwa. Ya pili ni feni ya kuvuta pumba, yenye panga la kipenyo cha milimita 300 hivi na mota ya kilowati 1.1 hadi 1.5, ambayo huvuta kwa shinikizo dogo lakini hewa nyingi sana. Hiyo ndiyo inayohitajika kwenye msumeno wa meza na randa ya mashine. Ukiifunga mashine ya kufyonza kwenye randa, mpira utaziba ndani ya dakika chache. Na ukiifunga feni kubwa kwenye mpira mwembamba wa mashine ya msasa, haitavuta chochote cha maana.

Jambo linaloamua yote ni upana wa bomba, na hapa naomba tusiende haraka. Ili hewa iweze kubeba pumba katika bomba lililolala, mwendo wake unapaswa kuwa takriban mita 20 kwa sekunde. Ukipungua sana, pumba hutua chini ya bomba na kujijenga humo. Kwa mwendo huo, bomba lenye kipenyo cha ndani cha milimita 50 hupitisha mita za ujazo 140 kwa saa, lile la milimita 100 hupitisha 565, na lile la milimita 150 hupitisha 1,270. Angalieni kwamba kuongeza kipenyo kwa nusu kunazidisha hewa mara mbili na robo. Kwa kukusanya maranda tu, mita za ujazo 600 au 700 kwa saa zinatosha kwa mashine moja ya nyumbani. Lakini kwa kulikamata vumbi laini lisitoroke, msumeno wa meza unahitaji kama mara mbili ya hapo. Kwa sababu hiyo napendekeza bomba kuu liwe la inchi 6 (takriban milimita 150), na matawi yasiwe chini ya inchi 4 (takriban milimita 100), hata kama tundu la mashine uliyonunua ni dogo kuliko hapo. Tundu linaweza kupanuliwa.

Mabomba ya PVC ya maji taka yanapatikana kila duka la vifaa vya ujenzi, ni laini ndani na yanaunganishwa kwa urahisi. Msiyagundishe, kwa kuwa mtataka kuyabadilisha. Yafungeni kwa skrubu fupi na mzibe viungo kwa silikoni au utepe wa alumini. Kila kona ya nyuzi 90 iliyokatwa kwa ghafla inaipunguzia hewa nguvu sawa na kuongeza mita mbili au tatu za bomba lililonyooka, hivyo tumieni bendi mbili za nyuzi 45 zikifuatana, na kwenye tawi tumieni kiungo chenye umbo la Y badala ya tii. Mpira wenye mikunjo una ukinzani wa karibu mara tatu ya bomba laini. Uwe mfupi, wa kufikia mashine tu. Kila tawi liwe na kilango cha kuteleza cha plaiwudi au bati, ili mashine moja tu ndiyo ivute kwa wakati mmoja.

Kati ya mashine na feni wekeni saikloni. Hiki si kifaa kigeni kwetu: kila mtaa una mashine ya kusaga unga, na lile koni la bati linalosimama juu ya mfuko wa unga ni saikloni ileile. Hewa huingia kwa ubavu, huzunguka, kitu kizito husukumwa ukutani na kushuka chini, na hewa hupanda na kutoka kwa bomba la katikati. Mafundi wa bati wanaozichomelea mashine za kusaga, wawe eneo la Gerezani hapa Dar es Salaam, kwenye mitaa ya viwanda vya SIDO (shirika la kuhudumia viwanda vidogo) mikoani, au Kamukunji kule Nairobi, wanaweza kukutengenezea moja ukiwapa vipimo. Lakini kuna tofauti ambayo lazima uwaeleze, maana wasipoielewa kazi yote itaharibika. Katika mashine ya kusaga, hewa inasukumwa kuingia kwenye saikloni, kwa hiyo chini panaweza kufungwa kwa mfuko wa kitambaa na mambo yakaenda. Katika karakana, feni inakaa baada ya saikloni na inavuta, kwa hiyo pipa la chini lazima lizibwe kabisa. Tundu dogo tu kwenye kifuniko litaingiza hewa kutoka chini, hewa hiyo itayanyanyua maranda yaliyokwisha kushuka, na yote yataishia kwenye feni. Wekeni mpira wa kuziba mzunguko mzima wa kifuniko na vibano vya kukaza.

Kuhusu pipa lenyewe: chini ya feni kubwa, pipa la plastiki gumu linaweza kuvumilia, kwa kuwa mvuto ni mdogo. Chini ya mashine ya kufyonza halifai. Mashine hizo, mpira ukiziba, zinaweza kufikia mvuto wa kilopaskali 20, na kwenye kifuniko cha pipa la lita 200 hiyo ni nguvu inayolingana na uzito wa zaidi ya kilo 500. Plastiki hujikunja na kupasuka kwa ndani. Tumieni pipa la chuma, au ndoo ndogo nene.

Onyo kwa wanaonunua mashine zilizotumika kutoka Marekani au kutumiwa na ndugu walioko huko. Umeme wa kule ni wa hezi 60, yaani mizunguko 60 kwa sekunde, wetu ni hezi 50. Transfoma hubadilisha volti tu, haibadilishi hezi. Feni iliyokusudiwa kuzunguka mara 3,450 kwa dakika kule itazunguka takriban mara 2,850 hapa, kwa hiyo hewa itashuka hadi asilimia 83 na nguvu ya kuvuta hadi asilimia 68 hivi, na mota nyingine huchemka juu ya hayo. Ruta na misumeno ya mkononi yenye mota za brashi haziathiriki hivyo. Kama ni feni, nunua iliyotengenezwa kwa hezi 50.

Sasa mahali pa kutolea hewa. Mifuko ya kitambaa inayokuja na feni nyingi za bei nafuu hushika chembe kubwa za mikromita 30 na kuziachia zile ndogo, ambazo ndizo hatari. Ukiuweka mfuko wa namna hiyo ndani ya chumba, umetengeneza mashine ya kusaga vumbi na kulitawanya. Kuitoa hewa nje kunaondoa tatizo zima, na kunaipa feni nafuu kwa sababu haisukumi tena dhidi ya kitambaa kilichoziba. Sharti ni mawili. La kwanza, hewa inayotoka lazima iwe na pa kuingilia: feni ya mita za ujazo 1,270 kwa saa huimaliza hewa yote ya chumba changu cha mfano katika muda wa dakika tatu na nusu hivi, kwa hiyo dirisha au tundu lenye eneo kubwa mara kadhaa kuliko la bomba lako liwe wazi upande wa pili. Kama karakana imeungana na jiko ambamo mkaa unawaka, mlango kati yao ufungwe, kwa kuwa feni inaweza kuvuta hewa ya sumu ya mkaa kuingia mahali mlipo watu. La pili ni upepo. Kwetu mwambao kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki na kusi kutoka kusini-mashariki, na upepo wa mchana kutoka baharini, kwa Dar es Salaam, nao hutoka mashariki. Ukuta wa magharibi basi ndio ulio kisogoni mwa upepo karibu mwaka mzima, na huko ndiko bomba la kutolea lielekee, juu ya kimo cha madirisha, mdomo wake ukitazama chini kidogo ili mvua za masika zisiingie kwenye feni.

Mwisho wa sehemu hii ni midomo ya mabomba ya kuvutia vumbi, ambako nguvu nyingi hupotea bila mtu kujua. Mvuto wa bomba hufa haraka mno: umbali wa kipenyo kimoja tu kutoka kwenye mdomo, mwendo wa hewa umebaki takriban sehemu moja ya kumi. Bomba la inchi 4 lililoning'inizwa nusu mita kutoka kwenye msumeno ni pambo. Misumeno yetu mingi ya meza imechomelewa mtaani na iko wazi chini. Ifungeni pande zote kwa plaiwudi, mkiiacha mota ya nje ya boksi ipate hewa, na ndani mtundike faneli ya bati yenye mteremko mkali wa nyuzi 45 au zaidi. Hata hivyo meno ya msumeno hurusha vumbi juu pia, kuelekea usoni mwa fundi, hivyo kinga ya juu ya msumeno iwe na mdomo wake mdogo wa kuvuta.

Kupima kama mfumo unafanya kazi hakuhitaji chombo cha gharama. Washa udi, usogeze karibu na mdomo wa kuvutia na kwenye kila kiungo, utazame moshi unakwenda wapi. Fanya hivyo karakana ikiwa safi na pipa likiwa tupu, na uzime udi kabla hujakata mbao. Usiku, washa tochi kali iliyoelekezwa kando ya msumeno wakati mwenzako anapasua ubao, nawe simama upande wa pili ukiutazama mwali huo wa mwanga. Vumbi usiloliona mchana litaonekana lote.

Mdau, Nakuru

Nashukuru kwa maelezo haya ya kina. Mimi kazi yangu kubwa ni makabati ya jikoni ya MDF, na sina msumeno wa meza. Ninakatiwa vipande dukani, kisha nyumbani natumia ruta na mashine ya msasa. Je, kuna haja ya kuanza na feni na saikloni, ama kuna hatua ya chini yake ambayo itanilinda vya kutosha kabla sijapata fedha?

Mwanzisha uzi

Ndugu yangu wa Nakuru, kwa kazi yako feni kubwa isubiri. Nunua mashine ya kufyonza yenye kichujio cha daraja la HEPA, yaani kinachoshika hata vumbi laini sana, au kinachokaribia hapo, iunganishe moja kwa moja na mashine ya msasa kwa mpira wa milimita 32 au 35, na katikati uweke saikloni ndogo juu ya ndoo nene ili kichujio kisizibe kila baada ya muda mfupi. Tumia karatasi za msasa zenye matundu yanayolingana na ya mashine. Watu huzigeuza ovyo matundu yakafichwa, kisha wanailaumu mashine. Kwa ruta, MDF ni ngumu kuidhibiti, kwa hiyo barakoa ya FFP2 au N95 iendelee kuvaliwa hata mvuto ukiwepo. Barakoa ya kitambaa tuliyoizoea wakati wa korona haitoshi, na ndevu nyingi huacha mwanya pembeni ambao vumbi huutumia. Kama hali ya hewa inaruhusu, kazi ya ruta ifanyie uani, upepo ukitoka nyuma ya bega lako na si usoni.

Mdau, Dar es Salaam

Mkuu, naheshimu hoja yako, ila hapo kwenye kuitoa hewa nje sikubaliani nawe moja kwa moja. Viwanja vyetu vya Mbagala na Manzese vimebanana, si vipana kama vya Masaki. Ukuta wa magharibi unaousema ndio dirisha la jirani, na kamba yake ya nguo iko mita mbili kutoka hapo. Tukitoa vumbi laini nje tumejilinda sisi na kumkabidhi mwenzetu ugonjwa, tena yeye hajui hata jina la mti uliokatwa. Kelele za feni nazo tusizisahau.

Mwanzisha uzi

Hoja yako ni ya haki, na inaniwekea mpaka ambao sikuuchora. Pale ambapo hakuna mita kadhaa za nafasi wazi upande wa kutolea, hewa isitolewe mbichi. Hapo kichujio ni lazima, na kiwe kikubwa. Kanuni ninayoiamini ni mita moja ya mraba ya kitambaa kwa kila mita za ujazo 180 za hewa kwa saa, kwa hiyo mfumo wa mita za ujazo 1,270 unahitaji takriban mita saba za mraba. Mfuko wa kawaida haufikii eneo hilo, bali kichujio cha mtungi chenye mikunjo hulifikia na kulipita, na kinashika chembe za mikromita moja. Hata hicho kikae nje, ndani ya kibanda kidogo cha tofali chenye tundu la kupumulia, ambacho pia kitapunguza kelele. Tofauti na ndugu zetu wa nchi za baridi, sisi tunaweza kuchuja na bado tukatoa nje, na kidogo kitakachopenya hakitakuwa ndani ya chumba chetu wala kwenye nguo za jirani.

Na tuongeze kwamba anayeishi kwa kubanana hivyo apange kazi ya kupasua mbao katika saa ambazo amekubaliana na majirani zake. Sheria ya Tanzania ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inatazama mahali pa kazi. Ujirani unatazamwa na sisi wenyewe.

Mdau, Minnesota, Marekani

Ndugu zangu, nathibitisha alichosema mwanzisha uzi kuhusu nchi za baridi. Huku Januari joto linaweza kushuka hadi nyuzi 20 chini ya sifuri, na karakana yangu iko katika gereji ya nyumba. Nikitoa nje mita za ujazo 1,200 kwa saa, ndani panakuwa friji kabla sijamaliza kuranda ubao mmoja, na hita ya gesi inaweza kurudisha moshi wake ndani kwa sababu feni inauvuta kupitia bomba la dohani. Kwa hiyo ninachuja kwa kichujio cha gharama kubwa na ninaisafisha mikunjo yake mara kwa mara, na nina kifaa cha kugundua kaboni monoksaidi ukutani. Kama ningekuwa nyumbani Tanga, nisingenunua kichujio hicho hata siku moja. Nina swali kuhusu umeme: fundi wangu mdogo huko Tanga anasema swichi inajizima kila anapowasha feni na msumeno kwa pamoja.

Mwanzisha uzi

Mota ya kilowati 1.5 hunyonya ampea 9 au 10 ikiwa kazini, lakini wakati wa kuanza hunyonya mara tano ya hapo au zaidi kwa muda mfupi. Msumeno nao ni hivyohivyo. Soketi ya ampea 13 haiwezi kubeba zote mbili, na kamba ya kurefusha iliyo nyembamba inazidi kushusha volti. Mwambie amwite fundi umeme aliyesajiliwa amvutie nyaya mbili tofauti kutoka kwenye ubao wa swichi, kila mota na wake, zisipungue milimita za mraba 2.5, na earth, yaani waya wa kwenda ardhini, iwe ya kweli. Awashe feni kwanza, aiache ichanganye, ndipo awashe msumeno. Na akimaliza auzime msumeno kwanza na aiache feni iendelee kwa dakika moja kusafisha bomba. Jioni umeme unapokuwa dhaifu na taa zikififia, aache kazi ya mashine kubwa, maana mota inayokosa volti hushindwa kuchanganya na huungua. Kwa upande wa LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, feni hiyo hula karibu yuniti mbili kwa saa, na haihitaji kuwaka isipokuwa wakati wa kukata.

Mdau, Morogoro

Mimi nafuga kuku wa nyama, na maranda nayatoa karakana moja kwa ajili ya kutandaza bandani. Je, yale ya kwenye pipa la saikloni yanafaa? Na kuna hatari ya moto kwenye pipa?

Mwanzisha uzi

Yale ya randa ya mashine yanafaa, mradi ni mbao tupu. Yasiyofaa ni matatu: ya MDF na plaiwudi kwa sababu ya gundi, ya mbao zilizotiwa dawa, hasa zile za paini zenye rangi ya kijani, ambazo dawa yake mara nyingi ina shaba, kromiamu na aseniki, na pumba laini mno za msumeno au msasa, ambazo huwaziba kuku pumzi kama zinavyotuziba sisi. Mwenye karakana awe na mapipa mawili, na siku ya kukata MDF au mbao za dawa abadilishe pipa kabla hajaanza. Mabaki ya mbao za dawa yasichomwe wala kupikiwa, kwa kuwa aseniki hubaki kwenye majivu na kwenye moshi.

Kuhusu moto, hatari ipo na inatokana na mazoea. Mashine ya kunolea au kukatia chuma isiunganishwe kamwe na mfumo wa mbao, kwa sababu cheche moja inaweza kukaa ndani ya maranda ikifukuta kwa saa kadhaa na kuwaka usiku watu wamelala. Misumari iliyobaki kwenye mbao za kutumiwa tena itolewe kabla ya kuziranda. Matambara yenye mafuta ya kitani yasitupwe kwenye pipa hilo, maana hujichemsha yenyewe yakikauka hadi kuwaka. Yaanikwe juani moja moja yakiwa yametandazwa, au yalowekwe kwenye ndoo ya maji yenye kifuniko. Umeme wa msuguano unaojijenga kwenye PVC unaweza kukupiga mkononi, na baadhi ya mafundi huzungushia bomba waya wa shaba uliounganishwa na earth ili kuupunguza. Si vibaya, lakini usimfanye mtu asahau hayo niliyoyataja kwanza.

Pipa limwagwe likifika robo tatu, si likijaa, kwa sababu likijaa saikloni huacha kutenganisha na kila kitu hupita kwenye feni. Kazi hiyo ifanyike nje, mtu akiwa amevaa barakoa, na pipa liwe limetandikwa mfuko mkubwa. Mfuko huo huvutwa juu na mvuto wa feni, kwa hiyo ubanwe chini kwa kipande cha wavu mgumu wa waya uliokunjwa kufuata mduara wa pipa. Kompresa isitumike kupulizia vumbi sakafuni wala kwenye nguo. Nguo za kazi zivuliwe karakanani, zikung'utwe uani mbali na milango, na zifuliwe peke yake, zisichanganywe na za watoto.

Anayehitaji vipimo vya saikloni ya bati aniandikie hapa aina ya feni yake na kipenyo cha bomba alilonalo, nami nitamwekea mchoro ambao fundi wa bati anaweza kuufuata, kwa bomba la inchi 4 na la inchi 6.